Reli za treni yangu ndogo zinapinda kwa joto la kiangazi, nifanyeje kabla dogo hajafika likizo?

Mwana Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa haraka kwa wenye uzoefu na treni za mfano, hizi ndogo za umeme.

Nipo Kirumba, Mwanza. Mwezi wa nne, masika yamekolea, nilitengeneza meza ya treni kwenye chumba cha uani: plaiwudi moja nzima ya futi nane kwa nne juu ya fremu ya mbao. Reli ni za HO, yaani kipimo cha 1 kwa 87, na mzunguko una kama mita 6. Maungio yote nimeyachomelea kwa risasi ili umeme usikatike. Wiki zote za mvua treni ilizunguka bila kusita hata mara moja.

Sasa mvua zimekata, na chumba ni bati tupu, hakina siling bodi. Jumamosi saa nane mchana niliwasha, kichwa cha treni kikafika upande wa dirishani kikaanguka. Nikainama mpaka jicho likawa usawa wa reli: zimejikunja kama mjusi anayekimbia, mataruma manne, vile vipande vinavyokingama chini ya reli, yamenyanyuka pamoja na misumari yake. Kesho yake alfajiri nikakuta zimelala karibu kama zamani. Nimeweka kipimajoto humo ndani. Alasiri nyuzi 36, alfajiri 20.

Mtoto wa dada yangu anakuja likizo ya mwezi wa sita. Mara ya mwisho tulishinda stesheni tunaangalia mabehewa yakipangwa, nikamwahidi kwamba safari hii ataendesha mwenyewe. Nifunge mpaka mvua za vuli, au kuna dawa? Sitaki akute meza imefunikwa turubai.

Fundi Redio Igoma

Pole mkuu. Tatizo ni kuchomelea maungio yote. Reli hizo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na kila mita inarefuka kama milimita 0.017 kwa kila nyuzi moja ya joto. Piga hesabu: mita 6, tofauti ya nyuzi 16, unapata milimita 1.6. Mzunguko hauna ncha ya kutokea, kwa hiyo urefu huo unatafuta palipo dhaifu na kusukuma pembeni.

Kata sehemu nne kwenye minyoofu, usiguse kona. Ukikata alfajiri, acha nafasi ya unene wa kadi ya benki. Ukikata saa nane reli zikiwa zimetanuka, unene wa karatasi mbili unatosha. Halafu kila kipande kipe nyaya zake mbili kutoka chini ya meza. Usitegemee vibati vya kuungia kupitisha umeme, vinashika kutu ya kijani.

Seremala wa Nyakato

Fundi kasema kweli kuhusu reli, ila mimi naanzia kwenye mbao. Mkuu, ulisema ulijenga mwezi wa nne. Mbao ilikuwa imekunywa unyevu wa masika, imevimba, nawe ukagongomelea reli juu yake. Sasa inakauka na kusinyaa. Kwa urefu haisinyai sana, ila kidogo hicho kinatosha kuibana reli. Reli inarefuka huku mbao inarudi nyuma. Ukikata leo bila kutibu mbao, vuli ikirudi nafasi zako zitabadilika tena.

Piga rangi ya mafuta pande zote, chini na kwenye kingo pia. Watu husahau chini, na unyevu hupitia hukohuko. Ukipata hela ya siling bodi, weka kabla ya kununua behewa jingine lolote.

Mzee wa Genge

Mwanangu, nimefanya kazi ya kutandika reli mpaka nikastaafu. Sisi tulikuwa tunaacha nafasi kwenye kila ungio, na ule mlio wa tak-tak unaousikia ukipanda treni ni magurudumu yakivuka nafasi hizo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 na jua hili hili limeiwakia miaka yote hiyo. Kwa hiyo usifunge meza. Acha nafasi.

Jambo jingine la kumwambia kijana. Reli yako ina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha kwa 87 unapata upana wa SGR, ile reli ya kisasa, milimita 1,435, inayojengwa kutoka Isaka kuja kwetu. Reli aliyoiona stesheni ni ya mita moja, kwa kipimo chako ingekuwa kama milimita 11.5 tu. Mpe rula apime mwenyewe, atafurahi sana.

Dada wa Bwiru

Mimi kiangazi ndio msimu wangu, ila naendesha kuanzia saa kumi na mbili jioni. Mchana nafanya kazi za mezani: kupaka rangi vibanda, kusafisha magurudumu kwa spiriti na kitambaa. Msasa usiguse reli, unaacha mikwaruzo inayokamata uchafu.

Mambo mawili ya huku ziwani. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda kama moshi, usiku wanafuata taa na kufia kwenye reli, gurudumu linawasaga linakuwa na utando. Funika kwa shuka ukimaliza. Na kama kokoto za kumwaga kwenye reli umetengeneza kwa mchanga wa ufukweni, pitisha sumaku iliyofungwa karatasi kabla ya kumwaga. Zile chembe nyeusi zinafuata sumaku ya mota na kuingia ndani ya kichwa.

Mwana Kirumba

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimekata sehemu nne jana alfajiri, nyaya nimeshusha, rangi ya chini inakauka. Dada wa Bwiru, mchanga nilikuwa nimeshamwaga upande mmoja. Nimepitisha sumaku juu ya uliobaki kwenye kopo, imetoka na ndevu nyeusi karatasi nzima. Upande ule naukwangua leo.

Usiku saa mbili nimejaribu na mabehewa matano. Mizunguko kumi na mbili, hakuna kilichoanguka, na kwenye kila nafasi kinasikika kamlio kadogo. Nimekaa gizani nikisikiliza tu.

Bado swichi ya reli ya kuingilia stesheni, pale njia inapogawanyika, ulimi wake haubani vizuri mchana. Fundi, hiyo nayo ni joto au niangalie springi?