Nitafutieni riwaya ambayo watu wake wanafanya kazi

KARANI WA MALABA

Wakuu, salamu kutoka mpakani.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wetu wa Uganda. Nusu ya kazi hii ni karatasi, nusu ni kusubiri. Mtandao umelala, dereva bado yuko nyuma kwenye foleni, namba ya sili haifanani na iliyoandikwa kwenye hati, ofisa kaenda kunywa chai. Kwa hiyo kwenye droo yangu, chini ya mihuri, hakukosi riwaya. Nasoma za Kiswahili kwa sababu nashinda nikibishana kwa Kiswahili na madereva wa Mombasa na Nakuru, na ikifika jioni sioni kwa nini nibadilishe lugha.

Nimemaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kwa kurudia. Yasmin, Denge, Mwajuma na nyimbo zake, yote matamu, na najua kuna filamu yake ya 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji. Lakini ya Shafi iliyonikamata ni Kuli. Bandari ya Unguja, Rashidi mtoto wa kuli naye anakuwa kuli, mpaka mgomo wa 1948. Wakati naisoma nilikuwa nawatazama dirishani vijana wetu wanaoshusha mizigo gari likizuiwa kwa ukaguzi. Mtu anavua shati, analikunja, analitandika begani, gunia linapanda, na hakuna anayefungua mdomo mpaka gari liishe. Shafi anawajua watu hao. Hakuandika tu kwamba kazi ilikuwa ngumu halafu akakimbilia mapenzi.

Basi ombi langu ndilo hilo. Nataka riwaya ambayo watu wake wana kazi, na kazi yenyewe tunaiona. Nimechoka na kijana "mwenye kazi nzuri ofisini" ambaye kitabu kinaisha hatujui ofisi hiyo inauza nini. Anaamka, anavaa suti, anakutana na binti, giza linaingia. Mshahara unatoka wapi? Banange, hata mimi nina ofisi, na kabla ya saa nne asubuhi humo ndani kumeshapita visa vya kujaza kitabu.

Na tafadhali msinielekeze kwenye vitabu vya kutahiniwa vilivyotumika. Busia, upande wa Kenya, vimejaa tele kwa bei ya kutupa. Nilinunua Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora. Mwanafunzi aliyekuwa nacho alikuwa na bidii ya kutisha. Kila ukurasa una kalamu ya risasi pembeni, "maudhui: uongozi mbaya", "kinaya", "tashbihi", na kwenye karatasi ya mwanzo kabisa kaorodhesha wahusika wote na yatakayowapata. Kitabu ni kizuri, ila nilikisoma kama mtu anayetazama marudio ya mpira.

Nisome nini sasa?


DUKA LA MUTUKULA

Karani, dada yangu (nimekisia tu, ila malalamiko ya suti ni ya mwanamke), umewahi kumsoma Aniceti Kitereza? Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Jina refu, na kitabu nacho kinene.

Mzee huyo ni wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hilihili, upande wa Tanzania. Alikiandika kwa Kikerewe akakimaliza 1945, miaka ikapita bila mchapaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Kisa ukikisimulia ni kifupi. Mtu na mkewe hawajajaliwa mtoto, maneno yanakuwa mengi, wakwe wanamchukua binti yao. Mume akimtaka mkewe inabidi alipe faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angesema akatengeneza pombe akaipeleka, sura ikaisha. Kitereza hana habari na mkato huo, utakaa naye kwenye pombe hiyo hatua kwa hatua. Mimi nimekulia Kyotera. Kwa babu tulikuwa tunaivisha ndizi, tunazimenya, tunazikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka maji yatoke, halafu mtama uliokaangwa na kusagwa unamwagwa juu, tunafunika na majani ya mgomba. Mtoto ukionja kabla ya wakati unapigwa. Nilipofika kwenye kurasa hizo nikasema huyu mzee hakuhadithiwa, mikono yake ilikuwamo.

Na si pombe tu. Kuna kulima, kuvua, kuwinda, kutafuta dawa. Ukijua Runyankole au Kihaya utakuta mambo mengi ya nyumbani.

Lakini uwe na subira. Watu humo wanasalimiana, wanaulizana habari za nyumbani, wanakaribishwa, wanakula, wanasindikizwa, na yote yameandikwa. Ukikisoma huku ofisa anaita namba za magari utakitupa. Nakala yangu nilirithi kwa mwalimu mstaafu wa Bukoba, na siiazimi.


MWALIMU TORORO

Shikamoo mpaka wa Malaba. Nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo baadhi ya hayo maandishi ya kalamu ya risasi ni dhambi za watu wa kazi yangu.

Kabla sijataja vitabu, neno moja kwa wenzetu wa Kampala. Baraza la mawaziri liliamua mwezi wa saba 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Nenda sasa dukani ukaombe riwaya ya Kiswahili. Utaoneshwa kitabu cha kujifunza salamu na majina ya matunda. Sisi tunaosoma bado tunategemea mabasi na jamaa.

Sasa vitabu. Wengi watakutajia Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, kwa sababu Utubora anaiacha kazi ya mjini anakwenda kulima. Kisome kwa ajili ya lugha. Kwa kipimo chako lakini utagombana nacho, maana Utubora ni mwema mno. Nina shamba la mihogo na sijawahi kumwona mkulima asiyetukana hata mara moja kwa msimu. Bora Kasri ya Mwinyi Fuad, ya Shafi huyohuyo. Pale kuna Kijakazi, mtumishi aliyezeeka ndani ya jumba la bwana wake, na utaona ni kazi za nani zinazomfanya Mwinyi Fuad awe Mwinyi Fuad.

Lakini ningekuwa wewe ningeanza na Peponi. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, aliyoiandika kwa Kiingereza. Alipopata Nobel mwaka 2021 ndipo wengi wetu tukaamka, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaitoa kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake. Anatumika dukani, halafu anaingia bara na msafara. Wewe wakala wa forodha soma sehemu ya msafara polepole. Wapagazi, mnyapara, marobota ya nguo, na kila mtawala wa njiani anadai chake kabla mizigo haijapita. Utadhani ni Malaba kabla ya kompyuta.

Ila nina ugomvi na wewe, karani. Kwa sheria yako hiyo Euphrase Kezilahabi anabaki nje. Kazimoto wa Kichwamaji ni mwanafunzi wa chuo kikuu, kazi yake kufikiri na kuteseka. Utamnyima nafasi kwa sababu habebi gunia?


ASKARI WA GETI

Mimi ni mlinzi wa usiku Ntinda. Kwangu kitabu kikinifanya nisinzie ni hasara, naweza kufukuzwa. Soma Elvis Musiba. Willy Gamba ana kazi na tunaiona, anapeleleza na anapiga watu. Njama, Kikosi cha Kisasi, Kufa na Kupona, vyote nimevipitia getini.

Ukitaka mpelelezi asiyekimbiakimbia, mchukue Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale ni kitabu cha 1960 na mpaka leo kinanichezea akili. Mzee anavuta kiko chake, anauliza maswali ya kijinga, kumbe ameshajua.


BINTI WA HOIMA

Mbona hakuna aliyetaja cha kwetu? Waiting ya Goretti Kyomuhendo, 2007. Hoima ya 1979, askari wa Amin wanakimbia, familia inasubiri hatima yake. Kazi za nyumbani zimejaa humo, kupika, kuchota maji, kuficha vitu, kulea, maana vita havimzuii mtu kuona njaa. Kiingereza chake ni chepesi. Najua umetaka Kiswahili, lakini tusijifanye Uganda haina waandishi.


KARANI WA MALABA

Nimerudi. Leo tulikuwa na magari ya mafuta tangu alfajiri, sikugusa simu.

Mutukula, ndiyo, ni dada. Hiyo ya pombe umenimaliza, naitaka. Usijali kuhusu salamu ndefu. Kazini kwangu dereva akija na karatasi bila kunisalimia najua kuna kitu kimefichwa ndani ya gari.

Mwalimu, Kezilahabi simfukuzi. Nimesoma Gamba la Nyoka na ninaipenda, watu wanahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na kila mmoja ana lake la kusema. Kichwamaji nilikiacha katikati. Sikukiacha kwa sababu Kazimoto habebi gunia. Nilikiacha kwa sababu yuko peke yake mno kichwani mwake, na mimi nikitoka kazini nataka kelele za watu wengine. Hiyo ni tabia yangu tu, kitabu hakina kosa. Peponi naianza kwanza. Habari ya kila mtawala kudai chake nimewasomea wenzangu ofisini, mmoja kacheka, mwingine kanyamaza ghafla.

Askari, heshima yako, ila Willy Gamba sijawahi kumwona akijaza fomu ya matumizi. Bwana Msa nakubali.

Binti wa Hoima, umenishinda. Hapa kwetu mtu akikuona na kitabu cha Kiswahili kwenye teksi anafikiri wewe ni mwanajeshi au Mkenya, kwa hiyo nimekuwa mkaidi, nasoma hivyo makusudi. Lakini 1979 mama yangu anaisimulia kila Krismasi na sijawahi kuisoma popote. Nitakitafuta.


MUKONGOMANI WA BWEYALE

Jambo kwenu wote. Mimi natoka Bunia, sasa niko hapa kambini Bweyale. Kiswahili chetu si kama chenu cha vitabu lakini tunasikilizana. Jioni nasomea watu kwa sauti, bibi yangu, majirani, watoto, tunakuwa wengi na kitabu ni kimoja. Nilisoma Siku Njema ya Walibora, kijana anatoka Tanga anatafuta baba yake mpaka kule Kitale. Watu walilia, maana hapa kila mtu anatafuta mtu. Sasa wananidai kingine. Katika hivi mlivyotaja, kipi kinafaa kwa kusomwa mbele ya watu? Cha salamu ndefu naogopa watoto watalala.


DUKA LA MUTUKULA

Kaka wa Bweyale, cha salamu ndefu ndicho hasa. Mzee alikusanya mambo aliyoyasikia kwa wazee wenzake, macho peke yake yanachoka ila masikio hayachoki. Wagawie sauti, mmoja awe mkwe, mwingine awe Myombekere. Watoto wakilala wakubwa wataendelea.


ASKARI WA GETI

Msomee Bwana Msa. Simama kabla muuaji hajatajwa, useme taa imeisha mafuta. Kesho watakuja mapema na viti vyao.


MWALIMU TORORO

Naungana na askari, na sikutarajia kuandika sentensi hiyo. Kaka, shuleni kwetu kuna nakala mbili za Mzimu wa Watu wa Kale. Nikipata mtu anayepanda Gulu kwa barabara ya Kiryandongo nitakutumia moja. Jalada limechanika, ndani kurasa zote zipo, nimezihesabu mwenyewe kwa sababu kitabu cha upelelezi kisicho na mwisho ni ukatili.


KARANI WA MALABA

Mwalimu, kitabu cha kaka wa Bweyale kipeleke kwa wakala yeyote wa mabasi hapo Tororo, nauli ya kifurushi nalipa mimi.

Mutukula, Kitereza huazimi, nimeelewa, na ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Lakini una watu wanaokwenda Bukoba na Mwanza kila wiki. Waulize kwenye vibanda vya vitabu vya zamani, hata jalada likiwa halipo. Na Peponi, mpya, ukipata anayetoka Dar.


DUKA LA MUTUKULA

Peponi ni rahisi, kuna kijana anakwenda Dar kuchukua vipuri, nitampa jina kwenye karatasi maana akisikia tu ataleta Biblia. Ya Kitereza nipe muda, na usiniulize kila siku. Bei tutaongea inboksi.