Kuotesha jozi (walinati) kwa mbegu: baridi wiki ngapi, na ukungu huu je?

mchanga_mboji
Habari wakuu. Nina jozi za kawaida kama 20 za msimu huu, zimeshatolewa ganda la kijani. Ziko kwenye friji ndani ya mfuko wenye mchanga mbichi, na sasa zimeota ukungu mweupe. Nizitupe? Zikae humo muda gani? Na zipandwe kwenye viriba au moja kwa moja ardhini?

mzizi_mkuu
Usizitupe bado. Zisugue kwa brashi na maji, kisha bonyeza mshono wa ganda. Likiwa gumu na halinuki uozo, mbegu bado nzima. Ukungu huo huletwa na mabaki ya ganda la kijani au mchanga uliolowa mno. Badilisha mchanga: ukiufumbata mkononi ushikane, lakini usidondoshe hata tone. Mfuko uwe na matundu.

Baridi iwe nyuzijoto 1 hadi 5, kwa wiki 8 hadi 12. Jozi nyeusi (aina nyingine ya mjozi, si hiyo ya kawaida) huhitaji zaidi, wiki 12 hadi 16. Friza hapana, mbegu yenye unyevu huganda ikafa. Kagua kila baada ya wiki mbili. Iliyopasuka na kutoa mzizi ipande siku hiyohiyo, mzizi ukitazama chini, maana ukivunjika ncha mche huchelewa sana.

Wakati wa kupanda ilaze ubavu, mshono usimame wima, kina sentimita 5 hadi 7. Mche ukishatokeza usilivute ganda lililobaki udongoni. Chakula cha mche kimo humo.

kivuli_kipana
Mimi ningepanda moja kwa moja ardhini. Mzizi mkuu wa mjozi hushuka haraka kuliko shina linavyopanda, na ukigonga kitako cha kiriba hujizungusha. Ukihamishia shambani, mti unabaki na mzizi wa kujisokota. Shida ni panya na kindi, wanafukua hata mbegu iliyozikwa vizuri. Funika shimo kwa wavu wa waya wenye matundu ya sentimita 1, uuondoe mche unapoanza kuugusa.

Udongo usiotuamisha maji ni lazima. Maji yakisimama, mizizi huoza na majani hunyauka kana kwamba mti una kiu, kisha mtu anazidisha kumwagilia!

mzizi_mkuu
Kweli, ila kwa mbegu 20 viriba vinakupa nafasi ya kuchagua miche bora. Hamisha mapema, majani yakishapukutika mwaka wa kwanza.

tunda_gumu
Kabla ya kuchagua mahali: mjozi hutoa sumu ya jugloni kwenye mizizi na majani, nyanya, viazi na biringanya hudhoofika karibu nao. Jozi nyeusi ndiyo kali zaidi. Acha mita 10 kati ya mti na mti. Mti huu pia unataka msimu wa baridi kila mwaka, la sivyo machipukizi huamka ovyo na mazao yanakuwa haba. Na mche wa mbegu haufanani na mama yake. Mara nyingi huchukua miaka 8 hadi 10 kuzaa. Ukitaka aina maalumu, bebesha (unganisha) kikonyo, yaani kijitawi cha aina hiyo, juu ya mche huo.

mchanga_mboji
Asanteni. Chombo cha lita 5 kitatosha?

kivuli_kipana
Lita si hoja, pima kina. Chini ya sentimita 35 usipoteze mbegu.