Wakili aliyeniombea alama ya biashara Marekani ana shauri la nidhamu: huendeshwaje?

Muuza_Viungo (Unguja)
Ndugu wanasheria, natanguliza heshima. Ninasafirisha viungo nje, na kwa kuwa tangu Agosti 2019 mwombaji asiyeishi Marekani hulazimika kuwakilishwa na wakili mwenye leseni ya huko, niliajiri mmoja aniombee usajili katika Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara ya Marekani (USPTO). Sasa amenijulisha kwamba ana shauri la nidhamu, kwa madai ya kuwaachia wasaidizi waweke saini yake kwenye maombi ya wateja. Shauri hilo husikilizwaje, na mimi nina nafasi gani?

Wakili_wa_Pwani
Pole, ndugu yangu. Kosa hilo kwao si dogo, kwa sababu kanuni zinataka kila mtu aweke saini yake ya kielektroniki mwenyewe, na kwa kusaini wakili huthibitisha kwamba ameyachunguza yaliyoandikwa.

Kwanza kitengo cha nidhamu cha USPTO humtaka wakili maelezo. Kikiona yapo ya kujibu, hupeleka jalada kwa jopo la Kamati ya Nidhamu, ambalo halimtii hatiani bali huamua tu kama kuna sababu ya kutosha ya kumshtaki. Akishapewa hati ya mashtaka hupata angalau siku 30 za kujibu, na akinyamaza huhesabiwa amekiri. Anayesikiliza ni afisa asiyehusika na uchunguzi, bila baraza la wazee; mashahidi huapishwa na kuhojiwa na pande zote mbili, ingawa kanuni za ushahidi za mahakamani hazimfungi afisa huyo. Kitengo ndicho chenye mzigo wa kuthibitisha, kwa ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha, kiwango kinachozidi kile cha kesi za madai za kawaida. Adhabu huanzia karipio hadi kufutwa kabisa. Rufaa huenda kwa Mkurugenzi wa USPTO, kisha mahakama ya shirikisho huko Virginia. Hata hivyo, mashauri mengi huishia kwenye makubaliano kabla ya kufika hapo.

Bi_Sheria
Naongezea upande wa mteja. Wewe si mhusika wa shauri. Waweza kuitwa shahidi, lakini usitarajie fidia. Wakili akisimamishwa, anapaswa kuwaarifu wateja wake ndani ya siku 30 na kurudisha ada ambayo hajaifanyia kazi.

Ninaloliogopa zaidi ni ombi lako lenyewe. Mwezi Desemba 2021, katika amri tofauti na mashauri ya nidhamu ya mawakili, USPTO ilisitisha maombi zaidi ya 15,000 yaliyopitia kampuni moja ya China, na saini zisizo halali zilikuwa miongoni mwa sababu.

Muuza_Viungo (Unguja)
Ahsante, dada. Basi nimsubiri amalize shauri lake?

Bi_Sheria
Usimsubiri. Fungua jalada lako kwenye tovuti ya USPTO leo uone saini iliyowekwa kwa jina lako na kama ipo barua ya mkaguzi, ambayo kwa kawaida hujibiwa ndani ya miezi 3. Kisha tafuta wakili mwingine.