Antibiotiki za kuku zisiuzwe ovyo Malindi? Na probiotiki zitatosha?

Mkulima wa Ganda

Assalaam aleikum wafugaji wenzangu, wa mjini, Gede, Mambrui mpaka Kakoneni. Liko jambo tunalobishania kila tukikutana dukani kununua chakula cha kuku, na leo nalileta hapa tulimalize: je, kaunti isimamie sheria kwa ukali, antibiotiki za kuku zisiuzwe bila karatasi ya daktari wa mifugo? Na zikiadimika, probiotiki (bakteria wazuri walio hai wa tumboni) na prebiotiki (vitu vinavyowasaidia bakteria hao) zitatuvusha?

Mimi nasema ndiyo, isimamie. Kisheria hizi ni dawa za kuandikiwa, lakini hapa kwetu mtu anaingia dukani, anataja "ule unga wa manjano", analipa, anaondoka na pakiti. Kifaranga hajaumwa na chochote, anatiliwa kwenye maji siku ya kwanza, eti kinga. Kinga ya nini, ukimuuliza hana jibu. Wanaokufa kwanza ni bakteria wazuri ambao hata makazi hawajapata.

Kifaranga aliyeanguliwa chini ya mama huokota bakteria kwenye manyoya ya mama, kwenye kinyesi chake, kwenye mchanga wanaouchakura pamoja. Wa mashine hana mama. Anatoka kwenye yai, anatiwa kwenye katoni, anapakiwa kwenye basi hadi Malindi, na tumboni mwake atatawala yeyote atakayewahi kuingia. Wafini, watu wa Finland, waliligundua hili zamani. Mwaka 1971 bakteria wa salmonela waliwasumbua sana kwenye kuku wa nyama, wataalamu Nurmi na Rantala wakachukua uchafu wa utumbo wa kuku mzima mwenye afya, wakawanywesha vifaranga wachanga, salmonela ikakosa pa kujishikiza. Matokeo yao yalichapishwa 1973. Hizi pakiti za probiotiki za leo zenye picha ya jogoo anayeng'aa zinatokana na kazi ile.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 1, 2006. Sweden walitangulia tangu 1986. Na nyama ya kuku bado wanakula.

Duka la dawa, Maweni

Ndugu yangu wa Ganda, umesema vizuri ila umeruka mahali. Hao Wazungu waliondoa antibiotiki za kukuzia, hawakuondoa kila kitu. Dawa za aina ya ionofora, za kuzuia koksidia, vijidudu vinavyoharibu utumbo wa kuku, bado wanazichanganya kwenye chakula cha kuku wa nyama, na hizo hizo zinamkandamiza klostridia, yule bakteria anayeozesha utumbo. Hilo wanaolisifia katazo la Ulaya huwa hawalitaji.

Sasa probiotiki zenyewe. Wewe unaponunua, huwa unauliza imesafiri vipi? Pakiti imeandikwa iwekwe pa baridi. Imetoka Mombasa kwenye buti la matatu mchana wa Machi, ikapangwa kwenye rafu chini ya mabati. Laktobasili, bakteria wa probiotiki nyingi, ni kiumbe hai. Ukimpika amekufa, na aliyekufa hamfukuzi mtu. Mkulima analipa bei ya dawa, anapewa unga mtupu. Mimi nauza zote mbili, ya manjano na ya jogoo anayeng'aa, kwa hivyo sina upande. Lakini mteja akirudi na vifaranga waliokufa, anarudi kwangu, haendi kwa Wafini.

Mama wa Mambrui

Wanangu, hayo ni ya kuku wa gredi. Wangu wa kienyeji wanaangua wenyewe, wanachakura wenyewe, tumbo lao lina kila kitu. Kinachowamaliza ni kideri. Kikipita, unaamka asubuhi unaokota maiti uani. Hicho ni kirusi, hakuna bakteria mzuri wala mbaya atakayekizuia, ni chanjo tu. Kaunti ikiwa na pesa na nguvu ya kukimbizana na maduka, ilete chanjo mpaka huku kwetu. Hayo matumbo tutayaangalia baadaye.

Muuguzi, mjini

Mama, shikamoo. La kideri ni kweli tupu, lakini hili la antibiotiki haliishii kwa kuku.

Kuna antibiotiki iitwayo kolistini. Hospitalini tunaiweka mwisho kabisa, kwa mgonjwa ambaye dawa nyingine zote zimegoma. Wafugaji wa China waliitia kwenye chakula cha nguruwe na kuku miaka mingi, na mwishoni mwa 2015 wanasayansi wakatangaza wamekuta jeni inayoishinda, mcr-1, tena jeni yenyewe inaruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. China ikaizuia kolistini kwenye chakula cha kukuzia mwaka 2017, India ikaizuia kwa mifugo ya chakula 2019. Soma lebo ya pakiti uliyo nayo stoo. Ukiikuta kolistini humo, jiulize unamtibu kuku gani.

La pili ni mayai. Tetrasaiklini, antibiotiki nyingine, inapita mpaka ndani ya yai, ndiyo maana lebo ina siku za kusubiri. Nani kati yetu amewahi kumwaga trei za mayai kwa sababu ya lebo? Yanapelekwa sokoni siku ile ile, na mtoto wa jirani anayala kwa mkate.

Mpishi wa hoteli, Watamu

Wageni wanauliza kama kuku wetu ni wa dawa. Sina karatasi ya kuwaonyesha. Nikimwambia meneja tununue kwa mfugaji asiyetumia, yuko tayari, mradi bei ibaki ile ile. Kwa hivyo msingojee hoteli ziwalipie mabadiliko.

Mzee wa leya, Gede

Hapo ndipo pananiudhi mimi mfugaji wa leya, kuku wa mayai. Muuguzi anataka, mgeni anataka, kaunti inataka, na hasara ni yangu. Karatasi ya daktari, sawa. Daktari yuko wapi? Jumamosi usiku kuku wameanza kukoroma, wengine wamevimba macho, nampigia nani? Akija Jumatatu, mimi nazika na yeye anadai nauli. Mwenye kuku elfu kumi huko Kiambu ana daktari wake. Sheria hii itamfunga mwenye kuku mia mbili na kumwacha yule mkubwa.

Na huyu anayesema probiotiki, nilizitia kwenye maji ya mfereji kama nilivyoelekezwa, sikuona tofauti hata chembe.

Afisa mifugo mstaafu

Mzee, maji ya mfereji yana klorini. Imewekwa humo kazi yake ni kuua bakteria, haichagui. Umetia viumbe hai kwenye sumu yao. Yaache maji wazi usiku kucha kwenye beseni pana, au changanya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili na nusu kwa lita moja, kama tunavyofanya kwa chanjo ya maji. Ndipo utie, wanywe yaishe ndani ya saa chache, na yasikae juani.

Niongeze jambo ambalo kwa miaka yangu kazini lilinichosha kuliko ugonjwa wowote. Visima vingi vya pwani hii vina chumvi. Kuku akinywa chumvi nyingi anakunywa zaidi, na kinyesi kinakuwa majimaji. Mwenye kuku anaona maji bandani, anasema "wanaharisha", anakimbilia unga wa manjano. Kuku hana ugonjwa, ana kiu! Antibiotiki haitoi chumvi kisimani, na probiotiki vilevile haitoi. Badilisha maji kwanza.

Kijana wa Kakuyuni

Wazee wangu, naomba kuuliza bila kuchekwa. Sisi hela ya pakiti hatuna. Nyumbani tunaloweka chakula cha kuku na tembo la mnazi lililolala, kinachachuka, tunawapa. Na machicha ya nazi tunayamwaga bandani. Hiyo si probiotiki na prebiotiki ya bure?

Mkulima wa Ganda

Huchekwi, kijana. Swali lako ni zuri kuliko matangazo yote niliyoyasoma.

Tembo la mnazi limejaa hamira na bakteria wa uchachu, ni ndugu wa hao wanaouzwa. Chakula kilichochachuliwa vizuri kinakuwa kikali kiasi kwamba bakteria wabaya kama salmonela na E. koli hawakipendi. Lakini mambo mawili. Huwezi kujua leo umetia wa aina gani na wangapi, kesho wangapi. Pakiti nzuri inakuandikia. Na kwa joto letu, kilichobaki kwenye chombo mpaka jioni huota ukungu, na ukungu una sumukuvu. Hapa nchini sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 mwaka 2004, upande wa Ukambani. Kwa kuku, hata ikiwa kidogo, inachosha ini na kinga yake. Basi wape kinachoisha kwa muda mfupi, osha chombo, na usichachue mahindi yaliyokwisha kuoza ukidhani uchachu unayatakasa.

Machicha yana hadithi yake. Salmonela na E. koli wengi wana vinyweleo vya kushikia, na wanachoshika ukutani mwa utumbo ni sukari iitwayo mannosi. Prebiotiki inayotoka kwenye ganda la hamira imejaa mannosi, kwa hivyo wanaidaka hiyo, wanatoka nayo kwenye kinyesi. Nazi nayo ina mannani tele, yaani minyororo ya mannosi, ndiyo maana watu wanasema machicha ni prebiotiki. Lakini ya nazi ni minyororo mirefu migumu. Bila kimeng'enya cha kuivunja, kifaranga hainufaiki, na ikizidi inamvimbisha na kumpunguzia chakula. Tena mafuta yake huchacha upesi. Kuku mkubwa, kiasi kidogo, yakiwa mabichi ya siku hiyo, sina ubaya nayo. Kifaranga usimpe.

Sasa nikujibu wewe wa Maweni. La joto umenishika, ila si probiotiki zote. Zile za bakteria wa basili zimelala ndani ya mbegu zao ngumu. Hata mashine ya kukandika chakula ikifika nyuzi 80 nyingi zinapona, seuze rafu yako. Laktobasili ndiye wa friji. Na friji unayo, mbona chanjo ya kideri na ya Gumboro unaziweka humo?

Mzee wa Gede, mimi sisemi kuku mgonjwa asitibiwe. Akiugua ugonjwa wa bakteria atibiwe, tena kwa dozi kamili mpaka mwisho, na dozi ikiisha ndipo probiotiki irudishe wakazi wa tumbo. Ukivichanganya pamoja umetupa pesa. Ninachokataa ni kumtilia dawa kiumbe mzima. Probiotiki nazitetea mahali patatu tu: siku za mwanzo za kifaranga wa mashine, baada ya dozi, na msimu wa joto. Kuku akihema mabawa wazi, damu yake inakimbilia ngozini kujipooza, utumbo unapungukiwa, ukuta wake unaanza kuvuja. Mbali na hapo, anayekuuzia probiotiki ya kutibu koksidia au kideri mtoe uani.

Mzee wa leya, Gede

Sasa umezungumza kama mfugaji. Lakini la daktari hujalijibu. Mimi nitakubali karatasi siku ambayo naweza kuipata kwa simu, usiku, bila nauli. Kabla ya hapo ni kunifunga mikono.

Afisa mifugo mstaafu

Ana haki. Waanze na kitu kimoja kinachowezekana kesho: duka lisiuze antibiotiki kwa anayesema "ni za vifaranga, ni kinga". Mwenye kuku wagonjwa auziwe huku akitafutiwa daktari. Wenye leseni ya duka wanajulikana, hawafiki wa kumshinda mtu kuwatembelea.

Duka la dawa, Maweni

Mimi nikimkatalia, anavuka barabara anauziwa na jirani. Tukataliwe wote au tusikataliwe.

Na friji iko, ni kweli, ila umeme ukikatika tunajua wenyewe. Hiyo ya basili nitaiagiza, mkilipa nusu kwanza. Nilishawahi kuagiza kitu kwa maneno ya watu hapa, kikaniozea.

Mama wa Mambrui

Ukiagiza, uagize na chanjo ya kideri ile inayovumilia joto. Hiyo mimi nalipa yote.

Mkulima wa Ganda

Nusu natoa mimi Ijumaa baada ya swala. Mzee wa Gede, wewe je?

Mzee wa leya, Gede

Nitatoa ikija na risiti yenye tarehe ya kuisha muda, niisome mwenyewe.