Dogo mpya anaspari kama yuko kwenye ugomvi

Korosho_Boi: Wadau, huku Mtwara jimu yetu ya ndondi kuna dogo ana wiki tatu tu ila tukispari, yaani tukipigana kwa mazoezi, anarusha ngumi kwa nguvu zote macho kafumba, jana kanipasua mdomo na mi nilikuwa namchezea taratibu. Nimzimishe?

Mzee wa Jebu: Usimzimishe. Anaogopa huyo, woga ndo unampa papara halafu anabana pumzi, raundi ya pili hoi. Mpe jebu (ngumi nyoofu ya mkono wa mbele), zunguka, akizidi mkumbatie mwambie punguza. Na glovu ziwe aunsi 16.

Dada wa Shangani: Kocha yuko wapi lakini? Kwetu wapya wanaanza na jebu tu, tena mwilini, kichwa hakiguswi.

Korosho_Boi: Kocha anacheka tu ati dogo ana moyo 😂