Mrejesho: injini iliyokuwa ikimisi na kupoteza kompresheni

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini gari langu la mwaka 1998 linamisi (silinda moja haichomi mafuta vizuri) ilhali plagi na koili ni mpya. Fundi alipima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda: silinda nyingine zilisoma karibu psi 170, ya tatu ikaishia 60. Alidondoshea oili kidogo kupitia tundu la plagi, kipimo kisipande; ringi za pistoni zingekuwa zimechakaa, oili ingeziba na kukipandisha, hivyo shaka juu yake ikaondoka. Kisha, valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefunga, aliingiza hewa ya kompresa, nasi tukaisikia ikivuma kwenye ekzosi, huku maji ya rejeta yakiwa hayatoi hata povu, dalili kwamba gasketi ya hedi haivuji. Hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) ilipofunguliwa, valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua na kumeguka ukingoni. Imebadilishwa, kiti chake kimesagwa, na nafasi za valvu (mianya midogo kati ya valvu na kinachozisukuma), ambazo naamini zilibana mno, zimerekebishwa.