Naombeni ushauri: mawazo yanaweza kuisambaza saratani ya titi?

fundi_Rangi3: Habari zenu wapendwa. Nina miaka 41, fundi cherehani Mbagala, mwaka jana nilitolewa titi la kushoto sasa niko kwenye dripu za kemo. Usiku silali, moyo unaenda mbio, nawaza ada na kodi ya fremu. Nasikia mishipa ya fahamu ikizidiwa na stress kansa inasambaa, ni kweli? Nifanyeje?

Mama Nasra: Pole mdogo wangu. Dada yangu alitibiwa Ocean Road, asubuhi tunashuka Posta tunatembea mpaka baharini, yeye mbele mimi nyuma na chupa ya uji, leo anauza vitumbua. Sali sana.

Mzaramo Halisi: Mawazo yangekuwa yanaleta kansa Dar nzima tungekuwa wodini, foleni ya Kilwa Road peke yake inatosha.

msomaji_wa_MUHAS: Kwa panya imeonekana. Ukiwa na hofu mishipa ya fahamu inamwaga noradrenalini, kemikali ya mwili ya wakati wa hofu, na seli za saratani ya titi zinaweza kuwa na vipokezi vyake. Utafiti wa 2010, panya waliotiwa stress saratani yao ilisambaa zaidi, wakipewa propranololi, dawa ya presha na mapigo ya moyo, inazuilika. Kwa binadamu bado haijathibitika hivyo usijilaumu. Ila kuna kitu umeshaanza kutumia?

fundi_Rangi3: Haya niseme tu. Nameza propranololi za mama mkwe wiki ya pili sasa, na dripu mbili sijaenda. Msinihukumu, hata wewe umesema inazuia, na moyo umetulia kweli.

Kidume wa Kizuiani: Uzi wa kutunga huu. Akaunti ya juzi, kesho atasema njooni PM nina virutubisho.

fundi_Rangi3: Kaka sina cha kuuza. Vidole vimekufa ganzi tangu dripu ya tatu. Juzi nashona shati la shule sindano ikapita kwenye kucha sikuhisi chochote, nimekuja kuona damu kwenye kola nyeupe. Cherehani ndo inalisha wanangu, ningeendelea na dripu ningeshona na nini?

Nesi Mstaafu: Dripu ni paklitakseli? Hiyo inajulikana kuumiza mishipa ya fahamu ya vidole na nyayo. Ungemwambia daktari angeweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, hawezi kujua kama umekaa kimya. Halafu hivyo vidonge si vyako. Una pumu?

fundi_Rangi3: Ndiyo hiyo paklitakseli. Pumu ni ya utotoni, siku hizi inakuja nikivuta vumbi la vitambaa tu. Ila toka juzi kifua kinabana nikajua ni mawazo

Nesi Mstaafu: Mwanangu usimeze kingine! Propranololi inabana njia za hewa kwa mwenye pumu. Nenda hospitali ya karibu SASA HIVI, beba na hilo boksi la vidonge, na hizo dripu mbili uwaambie.

Kidume wa Kizuiani: Dada nisamehe. Nina bodaboda, nitumie PM ulipo nakuja.

fundi_Rangi3: Nimetuma. Nafunga fremu.